Anza na Foronya: Duveti ya Kushona Nyumbani, Lamu

*Maneno haya yalisemwa mbele ya wazazi na mafundi wa kushona mjini Lamu, kabla ya wanafunzi kurudi bara kwa muhula wa pili.*

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masalkheri mama zangu, masalkheri wazee wangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, mikeka bado ina nafasi.

Nimeombwa niseme juu ya duveti, lile blanketi nene la kujazwa ndani, na najua wapo humu wanaojiuliza Lamu na duveti wapi na wapi. Ni swali la haki. Mwezi wa Machi, kaskazi imekufa na kusi haijaingia, hata leso moja juu ya mwili ni mzigo. Na kusi yenyewe ikivuma Julai, usiku wetu ni wa nyuzi 24 hivi: mtu anajifunika shuka, alfajiri anaongeza leso, basi. Lakini watoto wetu Julai hawako hapa. Wako Nairobi, wako Limuru, wako Eldoret. Wengine wako Nyahururu, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na wao wamezaliwa mahali ambapo maji ya bamvua yanagonga mlango. Muhula wa pili ndio unaobeba Juni na Julai, na ndio muhula ambao simu zinaingia usiku: mama, huku kuna baridi, nitumie kitu.

Basi tunatuma. Tunaingia dukani, tunanunua duveti iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, inapendeza, ni nyeupe. Anapanda nayo boti mpaka Mokowe, anapanda basi. Agosti inarudi. Ile nyeupe imekuwa rangi ya chai, pamba ya ndani imekimbilia pembe moja, na katikati, pale anapolala mtoto, pamebaki vitambaa viwili vinavyogusana. Unaitazama, unataka kuifua, halafu unatazama pipa la maji.

Hapo kwenye pipa la maji ndipo ninapotaka tuanzie leo.

Maji matamu ya mji huu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inanyesha, mchanga unaichuja, nasi tunachota. Hatuna mto wala ziwa. Kila mwenye nyumba hapa anajua siku ambazo bomba linakoroma tu, na anajua kisima cha jirani kilichogeuka chumvi. Sasa chukua duveti isiyovulika, nje na ndani vimeshonwa pamoja, uitie kwenye karai. Inakunywa ndoo baada ya ndoo. Kuisuuza ni kazi ya watu wawili. Ukisema uokoe maji matamu uisuuze kwa maji ya kisima cha chumvi, ndiyo umeharibu kabisa, kwa sababu chumvi inabaki ndani ya pamba, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Utaianika darini juani kutwa, uiguse uone imekauka, usiku upepo wa bahari ukipita inarudi kuwa na umajimaji. Baada ya wiki chache inanuka koga.

Ndiyo maana nasema: anzeni na foronya, na hapa simaanishi ya mto, namaanisha lile fuko la kuivika duveti, linalovuliwa na kufuliwa peke yake. Mafundi wengi wanaanza na duveti, wanashughulika na kujaza na kushona, kisha mwishoni, wamechoka, wanatafuta kitambaa chochote cha kuivika. Mimi naomba tuugeuze mpangilio. Foronya ndiyo inayogusa jasho, ndiyo inayofuliwa, na kwa mji wetu wa maji ya kuhesabu ndiyo itakayoamua kama duveti itaishi mwaka mmoja au kumi. Foronya ya leso unaifua kwa ndoo mbili, na jua la Lamu linaikausha kabla ya adhuhuri. Duveti yenyewe inabaki kavu ndani, inaanikwa juani bila kuloweshwa, na maji inayaona kwa nadra.

Na msidhani kwamba duveti ni jambo la kale kwa Wazungu wote. Watu wa Skandinavia na Wajerumani walikuwa nazo tangu zamani, zimejazwa manyoya ya bata. Lakini Waingereza wengi walikuwa wakitandika mashuka na mablanketi mpaka miaka ya 1960. Terence Conran alifungua duka lake la Habitat jijini London mwaka 1964, na duka hilo likawa mojawapo ya waliowashawishi Waingereza kwamba kitanda kinaweza kutandikwa kwa sekunde chache tu. Kwa nini sekunde chache? Kwa sababu foronya imechukua kazi ya shuka la juu. Huhitaji tena shuka, blanketi, na kifuniko cha juu ya blanketi. Kwa hiyo hata kwao, aliyenunua duveti bila foronya alikuwa amenunua nusu.

Sasa tushike kitambaa.

Leso moja ina urefu wa mita moja na nusu hivi, na upana wa mita moja na kidogo. Ziungeni mbili kwa ule upande mrefu, mtapata kitambaa cha sentimita 150 kwa 210 hivi. Angalieni hapo: doti inapouzwa haijakatwa, zile leso mbili zimeshikana kwa upande mfupi, na fundi mvivu anaweza kusema ziko tayari zimeungwa. Haziko tayari. Zikiachwa hivyo mnapata kitu kirefu chembamba cha kufunikia dau. Zikateni, kisha ziungeni kwa urefu. Doti moja ni uso wa juu, doti ya pili ni uso wa chini. Leso hazilingani, za kiwanda hiki si sawa na za kiwanda kile, kwa hiyo pimeni zenu, msipime zangu.

Kitanda cha bweni ni futi tatu kwa sita, yaani sentimita 91 kwa 183. Foronya yenu ikishashonwa itakuwa na upana wa sentimita 146 hivi. Itaning'inia kila upande sentimita 27, na mtoto akijigeuza haachi mgongo nje. Mnaona kwamba leso zenyewe zimetupa kipimo. Hatukuhitaji kununua pima hata moja.

Kabla ya kukata, fueni. Leso mpya ina wanga, na pamba yoyote mpya hujikunja ikikutana na maji ya moto. Itieni kwenye maji ya moto, muianike, muipige pasi, ndipo mpime. Nyekundu ifueni peke yake. Leso za zamani ni bora zaidi kwa kazi hii, ni laini na zimeshamaliza kujikunja, mradi muzitazame dhidi ya mwanga, maana leso huchakaa pale inapokaliwa. Palipokonda, tieni kiraka kwa ndani sasa hivi, msingoje papasuke Nyahururu.

Na lipo jambo la jina. Mkiunga leso mbili, jina la moja litatokea karibu na katikati ya kitanda, limesimama wazi. Lisomeni kwanza. Kijana wa kidato cha tatu hawezi kulala muhula mzima chini ya maneno ya kumsuta mke mwenza, bweni zima linasoma. (Naona mama pale anacheka. Ana sababu zake.)

Mishono ya foronya naomba isiwe ya haraka. Wekeni vitambaa mgongo kwa mgongo, mshone karibu na ukingo, mpunguze nyuzi zilizochomoza, mgeuze ndani nje, mshone tena ili ule ukingo uliokatwa ufungiwe ndani ya mshono. Ni mistari miwili badala ya mmoja. Lakini foronya hii itafuliwa na mtoto, atainyonga kwa nguvu zake zote kwenye bomba la shule, na mshono mmoja wa wazi hautamaliza mwaka.

Mdomo wa foronya uwe upande wa miguu. Ukiwa kichwani, vifungo vinamchoma shingo. Tutaufungaje? Hapa ndipo napenda zaidi kazi ya mitumba. Tafuteni mashati mawili ya kiume ambayo kola zimeliwa. Shati lililokufa kola, ule mkanda wa mbele wenye vifungo na ule wenye matundu huwa mzima kabisa. Ukateni ukiwa umefungwa, mwache kitambaa cha vidole vitatu kila upande. Mkanda wa shati la mtu mzima una sentimita 70 hivi. Miwili ikiungwa inaziba mdomo wote wa foronya, vifungo vimeshashonwa, matundu yameshatariziwa na kiwanda huko yalikotoka. Kazi ngumu kuliko zote katika foronya, umeipata bure.

Zipu? Ya chuma, hapana. Hewa yetu ya chumvi inaitafuna hata ikiwa kabatini. Ya plastiki inafaa, lakini ikivunjika jino moja shuleni foronya haifungi tena, na mtoto hana wa kumrekebishia. Kifungo kikitoka, mtoto anakishona mwenyewe. Na kama hajui kushona kifungo, mfundisheni kabla hajapanda boti.

Kisha pembe. Duveti ikiwa huru ndani ya foronya inateleza, inajikusanya miguuni. Katika kila pembe ya ndani ya foronya shoneni vikamba viwili vya kitambaa vyenye urefu wa shibiri moja. Katika kila pembe ya duveti shoneni kitanzi. Vinafungwa fundo la kufungua kwa urahisi, na habari imekwisha. Duveti nyingi za madukani hazina kitu hiki kidogo, sijui kwa nini.

Nimekaa sana kwenye foronya, nilikuwa nimewaahidi. Sasa twende ndani.

Joto halitoki kwenye duveti. Joto linatoka kwenye mwili wa mtoto, na duveti kazi yake ni kuizuia hewa iliyopashwa isikimbie. Kinachomkinga ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi. Mkilielewa hilo mtaacha kosa la kujaza vitambaa vilivyokatwakatwa. Nimeona watu wanakusanya mabaki ya kanzu, madira, suruali za jinzi, wanayakata vipande vidogo, wanajaza. Inakuwa nzito, inakuwa na mabonde, na haina joto, kwa sababu vipande vile vinalala bapa, havibebi hewa. Wenye viwanda wana kipimo chao kinaitwa togi: duveti nyepesi ya kiangazi huandikwa 4.5, ya baridi kali 13.5. Kipimo hicho kinasema joto linazuiwa kiasi gani, uzito haumo. Mabaki ya jinzi yajazeni kwenye mito ya kukalia barazani.

Basi tunajaza nini? Nendeni Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, au mwambieni anayeleta mitumba kutoka soko la Kongowea, Mombasa, awawekee vile asivyoviuza. Kila beli linalofunguliwa lina nguo za baridi. Majaketi mazito yaliyojazwa, sweta za sufu, mablanketi ya flisi. Jaketi la theluji limesafiri kwa meli kutoka Ulaya mpaka Mombasa, likapanda lori, likavuka kwa boti, likabebwa na punda mpaka dukani, na hapa nani atalivaa? Linakaa mwaka, linauzwa kama kitambaa cha kufutia injini. Mwenye duka atakushukuru ukimwondolea.

Flisi ndiyo ninayoipenda kwa anayeanza. Ni nyepesi, inashika hewa, haichomoi nyuzi inapokatwa, na haihami: blanketi ni blanketi, halikimbilii pembeni. Tandazeni tabaka mbili au tatu, vipande viungwe ukingo kwa ukingo bila kupandana ili pasiwe na matuta, na hiyo ndiyo pamba yenu. Sehemu kubwa ya flisi ni poliesta, jamii moja na plastiki ya chupa za soda. Kampuni ya Patagonia ya Marekani ilianza mwaka 1993 kutengeneza flisi kwa chupa zilizotumika. Kwa hiyo mnapoweka blanketi la flisi ndani ya duveti huenda mnazifunika chupa za watu.

Lakini flisi ina aibu yake. Kila ikifuliwa inatoa vinyuzi vidogo vya plastiki, havionekani kwa jicho, vinapita na maji ya kufulia, na maji ya kufulia ya Lamu mnajua yanaishia wapi. Mji huu ndio uliojenga FlipFlopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, tani kumi hivi za taka na ndara 30,000 hivi, kazi iliyoongozwa na fundi wetu Ali Skanda. Likashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Itakuwa kichekesho sisi wenyewe tuzoe plastiki ufukweni asubuhi, na jioni tuimwage tena kwa maji ya karai. Flisi ikikaa ndani ya duveti, foronya ikifuliwa peke yake, tatizo hilo limepungua sana.

Majaketi yaliyojazwa yana njia yake. Msiyafungue ovyo! Mengine yana faiba, ile pamba ya kiwandani, mengine yana manyoya laini ya bata, na ukipasua la manyoya ndani ya chumba chenye upepo utayaokota mpaka Ramadhani. Bonyezeni kwa vidole kwanza: manyoya mtahisi vijiti vyembamba, faiba ni laini tupu. Kisha, la manyoya au la faiba, mbinu ni ile ile: usilifungue, kata mgongo wa jaketi mzima na kila upande wa mbele mzima, lakini kabla ya mkasi pitisha cherehani mistari miwili kando ya pale unapotaka kukata, ukate nje ya mistari hiyo. Kilichomo hakitoki. Vipande hivyo vikiungwa ukingo kwa ukingo vinatoa duveti ya ndani inayoweza kushindana na ya dukani yoyote, kwa sababu ni vitu vile vile.

Sweta ya sufu ni hazina, mkiipata. Sufu hupasha hata ikiwa na unyevu kidogo. Kama hamjui sweta ni sufu au ni ya kiwandani, chomoeni uzi mmoja, muushike kwa kibano, muuchome juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba inawaka haraka na kuacha majivu laini ya kijivu. Sweta za sufu zifueni kwa maji ya moto mara moja mpaka zijikaze, ndipo mzikate, hazitachomoka tena.

Faiba ya mito iliyolala inatumika pia. Itoeni, mwichambue kwa vidole mpaka ivimbe tena. Hiyo, kwa kuwa ni ya kutawanyika, lazima ifungiwe kwenye vyumba, nami nitaeleza.

Ala ya nje ya duveti, hapo simaanishi foronya, namaanisha lile fuko linaloshika pamba, iwe ya shuka la zamani. Nyumba za wageni hapa mjini na Shela zinaondoa mashuka meupe kwa doa moja la hina au la kahawa. Yaombeni. Shuka huchakaa katikati na kingo zinabaki nzima, kwa hiyo mlikate katikati kwa urefu, mgeuze ili kingo za nje zikutane, mziunge, na ule upande uliokonda sasa uko nje, mnaupunguza. Doa halina neno, litafunikwa na foronya. Fuko hili liwe kubwa kuliko foronya kwa sentimita tatu au nne kila upande. Sikosei, nasema kubwa. Duveti iliyozidi kidogo inaijaza foronya mpaka pembeni, iliyopungua inaacha masikio matupu.

Mwenye flisi au vipande vya jaketi: tandika shuka la chini sakafuni, juu yake pamba yako, juu yake shuka la pili. Piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kutoka katikati kwenda nje, si kutoka ukingoni kuja ndani, ili mikunjo itoke nje. Halafu, kama una cherehani, pitisha mistari mbali mbali, kila sentimita 25 hivi. Mishono ikiwa mingi duveti inabanwa, hewa inatoka, joto linatoka nayo. Kama huna cherehani usihuzunike. Chukua sindano ndefu na uzi mnene, shuka chini, panda juu, funga fundo mara mbili, kata, sogea shibiri moja, fanya tena. Ni mafundo tu, na hayatumii umeme. Vijana wa kofia mliokaa nyuma, nyinyi mnaokaa miezi na kofia moja ya viua, hii kwenu ni mazoezi ya jioni moja.

Mwenye faiba: shona fuko pande tatu, acha juu wazi. Pitisha mishono ya urefu kutoka chini mpaka juu, upate mifereji sita. Tia konzi ya faiba katika kila mfereji, isukume kwa kijiti cha mwiko mpaka chini, kisha pitisha mshono wa kukata upana. Umepata safu ya vyumba. Tia konzi nyingine, shona tena, mpaka ufike juu. Ni lazima konzi zilingane, na mkono hudanganya, kwa hiyo azima mizani ya dukani, gawa faiba yako yote kwenye mafungu kabla hujaanza. Hakuna kinachoudhi kama kufika safu ya mwisho na huna kitu.

Naam, shangazi, nimekuona umeinua mkono. Anauliza juu ya sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Kwa wasiosikia: anasema magodoro ya bibi zake yalijazwa sufi ya msufi, kwa nini tusijaze sufi?

Swali zuri na jibu lake ni refu kidogo. Sufi ni nyepesi ajabu. Kila unyuzi wake una uwazi ndani uliojaa hewa, na una nta inayokataa maji, ndiyo maana zamani mabaharia wa nchi nyingi walivaa majaketi ya kuokolea yaliyojazwa sufi. Kwa joto, inafaa. Lakini haifuliki kabisa. Ikilowa ikanyongwa inashikana mabonge na kuvunjika. Na inashika moto upesi sana, upesi kuliko pamba. Kwa godoro la nyumbani ambalo halitembei, na mlalaji wake ni mtu mzima asiyevuta sigara kitandani, sawa. Kwa bweni la watoto, ambako siku umeme umekatika wapo watakaowasha mshumaa kwa siri, mimi siitii. Ukitaka duveti ya sufi kwa chumba chako mwenyewe, ianike, uipure kwa fimbo ndani ya gunia huku umefunga pua, vumbi lake linakera kifua, halafu tumia vyumba kama vya faiba. Na hiyo foronya ndiyo lazima kabisa, maana ndani hapafuliwi milele.

Sponji ya magodoro iliyosagwa, kwa kuwa najua litaulizwa: hapana. Ni nzito, haipumui, na inaungua vibaya.

Na yule bwana aliyeniambia nje kwamba ana matanga mawili ya jahazi yaliyostaafu, ahsante ami, yalete, lakini hatutayatia kitandani. Ni magumu mno. Tutayashonea mifuko ya kubebea duveti, yenye kamba ya kufunga mdomo. Duveti ikisafiri juu ya basi ndani ya mfuko wa tanga, vumbi la njiani halitaikuta.

Usafi. Kila kinachotoka kwenye mitumba kinaingia maji ya moto kabla ya kuingia ndani ya nyumba, kwa ajili ya kunguni na utitiri. Utitiri wa vumbi ndio unaowasumbua wenye pumu, na unakufa kwa kufuliwa kwenye maji ya nyuzi 60. Maji yanayokaribia kuchemka yamezidi hapo. Majaketi na flisi msiyachemshe, maji ya moto ya mkono unaoweza kuvumilia, halafu jua kali siku mbili, mkigeuza. Shuka na leso, chemsheni bila huruma. Sisemi hivi kwa kudharau mitumba, nusu ya tulichovaa humu kimetoka huko.

Baada ya hapo matunzo ni mepesi. Foronya ifuliwe kila wiki mbili, au kila wiki kwa mtoto anayetoka jasho. Duveti yenyewe ianikwe juani kila Jumamosi, itikiswe, igeuzwe. Mtoto akirudi likizo anaacha duveti kwenye mfuko wake wa tanga, na foronya anairudisha nyumbani. Siku za joto foronya tupu inatosha kuwa shuka. Ndiyo faida nyingine ya kuianza kwanza: hata msipofika kwenye duveti mwaka huu, mna kitu cha kutumia.

Kuivika, watu wanapigana nayo bure. Igeuzeni foronya ndani nje, muilaze kitandani, juu yake duveti, mfunge vile vikamba vinne. Kisha mkunje vyote pamoja kama mkeka, kutoka kichwani kwenda kwenye mdomo. Mkifika, geuzeni mdomo wa foronya uumeze ule mkunjo, mfunge vifungo, mkunjue. Nitawaonyesha sasa hivi, kwa maneno inasikika ngumu kuliko ilivyo.

Gharama sitazitaja, mnazijua bei za huku kuliko mimi. Nitasema tu kwamba kitu cha kununua ni uzi, na ununueni uzi mzuri wa poliesta. Uzi wa bei rahisi unakatika kabla ya kitambaa.

Mama aliyeuliza kama wenye watoto wawili wanaweza kushona moja kubwa: shoneni mbili ndogo. Shule moja haiko karibu na nyingine.

Meza ya dirishani ni ya kupimia leso, na huko ndiko tunakoanzia. Mashuka ya wageni yako kwenye kile kikapu kikubwa, majaketi yamefunguliwa beli uani. Cherehani ziko tatu na umeme ukitutoka mbili ni za kukanyaga. Waliokuja bila mkasi wakae na waliokuja na miwili. Hadi maghrib tuna muda wa kumaliza foronya, kwa hiyo kujaza tutafanya kesho baada ya alasiri, nanyi mliosahau mashati ya vifungo mtakuwa mmeyapata.